Jinsi Faulo na Straiki Zinavyohesabiwa katika Besiboli na Softiboli: Mwongozo Kamili

Karibu kila anayeanza kufuatilia besiboli hukwama mahali pamoja. Mpigaji ana straiki mbili. Anapiga mpira, unaangukia pembeni, hesabu haisogei. Anapiga mwingine, nao unaangukia pembeni, hesabu iko palepale. Anapiga wa tatu, mgeni haoni tofauti yoyote, lakini mwamuzi anamtoa. Ukimuuliza mzoefu aliyeketi karibu nawe atakujibu upesi: "Faulo ni straiki, ila haiwi ya tatu." Jibu hilo ni sahihi mara nyingi, na pale linapokosea ndipo mabishano makubwa huzuka.

Kukariri orodha ya vighairi hakusaidii sana, kwa sababu mchezo hauji kwa mpangilio wa orodha. Kinachosaidia ni kujiuliza maswali yaleyale, kwa mfuatano uleule, kila mpira unapogusa rungu. Mpira umekuwa halali au faulo? Kama ni faulo, umedakwa kabla ya kugusa chini? Kama haukudakwa, mpigaji alikuwa na straiki ngapi, na alipiga kwa namna gani? Mwongozo huu unafuata mfuatano huo.

## Kwanza, hesabu yenyewe

Uwanja una besi nne, vituo ambavyo mchezaji huvizunguka kwa kukimbia hadi arudi nyumbani ili afunge. Mrushaji anarusha mpira kuelekea besi ya nyumbani, ambako mpigaji amesimama na rungu, mdakaji amechuchumaa nyuma yake, na mwamuzi yuko nyuma ya mdakaji. Kila mrusho ambao haukumaliza zamu ya mpigaji huingia katika moja ya safu mbili: boli au straiki. Boli ni mrusho uliopita nje ya eneo la straiki bila mpigaji kuzungusha rungu. Boli nne zinampa mpigaji besi ya kwanza bure. Straiki tatu zinamtoa.

Hesabu hutajwa kwa tarakimu mbili, boli zikitangulia. Ukisikia 2-1, mpigaji ana boli mbili na straiki moja. Ukisikia 3-2, hesabu imejaa: boli moja zaidi anatembea kwenda besi ya kwanza, straiki moja zaidi anarudi kuketi. Mwamuzi huonyesha boli kwa vidole vya mkono wa kushoto na straiki kwa mkono wa kulia, kwa hiyo hata ukiwa mbali na ubao unaweza kusoma vidole vyake. Ukikutana na matangazo ya zamani kutoka Japani usishangae kuona mambo yamegeuzwa, maana huko kwa miaka mingi straiki ndizo zilizotajwa kwanza.

Straiki hupatikana kwa njia kadhaa, na ni vizuri kuzijua zote kabla hatujaingia kwenye faulo. Mpigaji akizungusha rungu na kukosa, ni straiki, hata kama mpira ulikuwa umepita juu ya kichwa chake. Akiuacha mpira uliopita ndani ya eneo la straiki, ni straiki pia. Eneo hilo lina upana wa besi ya nyumbani, inchi 17, yaani kama sentimita 43. Katika besiboli urefu wake unaanzia katikati ya mabega na kiuno cha suruali hadi chini kidogo ya kifuniko cha goti, na mpira ukigusa ukingo tu inatosha. Softiboli huchora mipaka ya juu na chini kwa tofauti kidogo, kulingana na aina ya mchezo.

Kuna straiki ambazo watu husahau. Mpigaji akizungusha rungu, akakosa, na mpira ukamgonga mwilini, hapewi besi kama aliyegongwa kwa bahati mbaya. Hiyo ni straiki na mpira umekufa. Na tangu mwaka 2023, katika Ligi Kuu ya Marekani, kuna straiki inayotolewa bila hata mpira kurushwa: saa ya mrusho ikibakiwa na sekunde 8 na mpigaji hajawa tayari, anaandikiwa straiki. Ikiwa tayari alikuwa na mbili, ametoka. Mrushaji akichelewa, mpigaji ndiye anayeongezewa boli.

Zilizobaki zote zinatokana na faulo.

## Swali la kwanza: ni faulo kweli?

Mistari miwili inaanzia besi ya nyumbani, mmoja ukipita besi ya kwanza na mwingine besi ya tatu, hadi kwenye milingoti miwili iliyosimama kwenye uzio. Eneo lililo kati ya mistari hiyo ni halali. Lililo nje ni la faulo. Mstari wenyewe ni wa eneo halali, na mlingoti pia, ingawa wote huuita mlingoti wa faulo. Mpira ukiruka na kuugonga mlingoti juu ya uzio ni homurani, yaani mpigaji anazunguka besi zote na kufunga.

Ugumu unakuja kwenye swali la lini mpira unaamuliwa. Hapa gawa uwanja sehemu mbili: kabla ya kufika besi ya kwanza au ya tatu, na baada ya hapo.

Mpira unaoviringika au kudunda kabla ya besi hizo bado haujaamuliwa mpaka utulie au uguswe na mtu. Unaweza kuanza nje ya mstari, ukadunda, ukajikunja na kuingia ndani, na ukawa halali. Unaweza pia kuanza ndani, ukatoka polepole na kutulia nje, ukawa faulo. Ndiyo maana utamwona mlinzi wa besi ya tatu ameinama juu ya mpira unaotambaa kando ya mstari, mikono mgongoni, akiuangalia tu. Anasubiri utoke ndipo auguse. Kinachotazamwa ni mahali mpira ulipo unapoguswa, wala si mahali miguu ya mchezaji iliposimama.

Mpira unaodunda na kuipita besi huamuliwa pale unapoipita. Ukiipita ukiwa juu ya eneo halali, hata ukikata kona baadaye na kuangukia kwa watazamaji, ni halali. Ukiigusa besi yenyewe ni halali pia, kwa kuwa besi ya kwanza na ya tatu zote zimo ndani ya mstari. Mpira uliopigwa juu na kutua mbali zaidi ya besi huamuliwa pale unapogusa ardhi mara ya kwanza. Kinachofuata baada ya hapo hakina uzito.

Kosa moja linasikika kila uwanja, kutoka kwa wazazi hadi kwa makocha: kwamba mpira ukigonga besi ya nyumbani ni faulo papo hapo. Si kweli. Besi ya nyumbani imo ndani ya eneo halali, na mpira ukiigonga unahesabiwa kama umegonga udongo tu. Subiri uone unaishia wapi.

Kuna faulo nyingine ambazo hazihitaji mstari. Mpigaji akiwa bado ndani ya kisanduku chake, mpira ukatoka kwenye rungu na kumgonga mguu, ni faulo. Ukidunda na kuligusa rungu mara ya pili akiwa bado mle kisandukuni, ni faulo vilevile.

Kwa ishara: mwamuzi akiinua mikono yote miwili na kupaza sauti, ni faulo. Akinyoosha mkono kuelekea ndani ya uwanja kimya kimya, ni halali. Ukimya huo una sababu. Sauti ikisikika, wachezaji husimama, na mpira halali hautakiwi kusimamishwa na mtu.

## Swali la pili: umedakwa?

Swali hili ndilo watu huliruka, na ndilo linalovuruga hesabu nyingi. Mpira wa faulo uliopigwa juu na kudakwa na mlinzi kabla haujagusa ardhi humtoa mpigaji mara moja. Haijalishi alikuwa na straiki sifuri au mbili. Hapa hatuhesabu straiki kabisa, kwa kuwa ametolewa kwa kudakwa kama vile angedakwa katikati ya uwanja.

Tena, mpira uliodakwa hivyo uko hai. Mkimbiaji aliye kwenye besi anaweza kusubiri hadi mpira udakwe, akiwa ameikanyaga besi yake, kisha akakimbia kwenda inayofuata. Kwa hiyo kuna nyakati mlinzi mwerevu huuacha mpira wa faulo uanguke kwa makusudi. Fikiria mkwaju mrefu unaotua mbali pembeni, mchezo uko sare katika zamu ya mwisho, hakuna au yuko mmoja tu aliyetolewa, na mkimbiaji yuko besi ya tatu. Mlinzi akidaka, mpigaji katoka, lakini mkimbiaji anapata nafasi ya kufika nyumbani na kumaliza mchezo. Akiuacha, hasara yake ni auti (kumtoa mchezaji) iliyompita tu. Mtazamaji mpya humzomea mlinzi huyo. Mimi ningempa mkono.

Mlinzi akijaribu kuudaka na kuuangusha, mpigaji anabaki. Inahesabiwa kama faulo yoyote ile isiyodakwa, na mlinzi anaweza kuandikiwa kosa katika kitabu.

Faulo isiyodakwa huua mpira. Wakimbiaji wote wanarudi kwenye besi walizokuwapo bila hatari ya kutolewa, hata kama mmoja alikuwa ameshafika besi mbili mbele. Hakuna aliyeiba besi, yaani kukimbilia inayofuata wakati mpira unarushwa, na hakuna aliyefunga.

## Swali la tatu: straiki zilikuwa ngapi?

Hapa sasa ile kauli ya mzoefu inafanya kazi. Mpira ni faulo, haukudakwa. Kama mpigaji alikuwa na straiki sifuri, sasa ana moja. Kama alikuwa na moja, sasa ana mbili. Kama alikuwa na mbili, anabaki na mbili, na anaweza kuendelea hivyo bila kikomo. Boli haziguswi kwa namna yoyote.

Hakuna ukomo kweli. Tarehe 22 Aprili 2018 Brandon Belt wa San Francisco Giants alikabiliana na Jaime Barría wa Los Angeles Angels kwa mirusho 21 katika zamu moja, 16 kati yake zikiwa faulo, na mwishowe akadakwa upande wa kulia wa uwanja. Tangu idadi ya mirusho ilipoanza kuwekwa kwa ukamilifu mwaka 1988, hakuna zamu nyingine ndefu kama hiyo iliyokuwa imeandikwa katika Ligi Kuu. Aliyeipata zawadi ya uvumilivu ni Alex Cora wa Los Angeles Dodgers, Mei 2004: faulo 14 mfululizo, kisha mrusho wa 18 akaupeleka nje ya uzio.

Lakini kuna faulo mbili zinazoweza kuwa straiki ya tatu.

## Kighairi cha kwanza: banti

Banti ni pale mpigaji asipozungusha rungu, bali analitanguliza mbele ya mpira kwa makusudi ili uguse na kuanguka taratibu karibu naye. Banti ikienda faulo ni straiki daima, straiki ya ngapi si hoja. Mpigaji mwenye straiki mbili anayejaribu banti na mpira ukatoka nje ya mstari, ametoka, na mrushaji anaandikiwa kuwa amemtoa kwa straiki.

Sababu yake iko wazi ukiifikiria. Kuzungusha rungu kwa nguvu na kuugusa mpira ni kazi ngumu. Kutanguliza rungu na kuusukuma nje ni rahisi mno. Kama banti ya faulo isingekuwa na gharama, mpigaji stadi angesimama pale akisukuma kila mrusho pembeni hadi bega la mrushaji lichoke. Kocha akiomba banti kwenye straiki mbili, ujue ana haja kubwa ya kumsogeza mkimbiaji, au ana imani kubwa na mpigaji wake, au hajaangalia ubao.

Angalia pia kwamba mpigaji anaweza kuonyesha banti kisha akaliondoa rungu kabla mpira haujafika. Hapo mwamuzi anahukumu mrusho kama kawaida: ukipita ndani ya eneo ni straiki, ukipita nje ni boli.

## Kighairi cha pili: mguso unaodakwa

Hiki ndicho kilichomtoa mpigaji wetu wa mwanzo. Mpigaji anazungusha rungu, rungu linaugusa mpira kidogo tu, na mpira unaenda moja kwa moja, kwa kasi, hadi kwa mdakaji, naye anaushika. Nitauita mguso. Kwa sheria, mguso ni sawa na kuzungusha na kukosa. Ni straiki, iwe ya kwanza, ya pili au ya tatu. Na mpira uko hai, tofauti kabisa na faulo ya kawaida: mkimbiaji aliyekuwa akiiba besi anaweza kuendelea, na mdakaji anaweza kurusha ili amtoe.

Yote yanategemea kushikwa. Mpira ukimponyoka mdakaji na kuanguka, si mguso tena, ni faulo ya kawaida: mpira umekufa, wakimbiaji warudi, na mpigaji mwenye straiki mbili anabaki na mbili. Tofauti ya kutoka na kubaki ni vidole vya mdakaji.

Katika Ligi Kuu ya Marekani sharti moja liliondolewa mwaka 2021. Zamani mpira ulitakiwa uguse kwanza glovu au mkono wa mdakaji. Ukigonga barakoa au kifua chake kwanza kisha akaunasa, haukuhesabiwa kuwa mguso. Sasa inatosha uwe umeenda kwake moja kwa moja na ameushika kihalali. Ligi nyingine zina maandishi yao, na zile zilizobaki na maneno ya zamani bado zinadai glovu au mkono kwanza. Ukiwa mwamuzi, soma kitabu cha ligi unayochezesha.

Usichanganye mguso na mpira uliopaa. Ukigusa rungu na kupanda juu kwa upinde, mdakaji akaudaka, hilo ni jambo la swali la pili: faulo iliyodakwa, mpigaji ametoka hata kama alikuwa hana straiki. Mguso unaenda kwa mstari, kwa kasi, na kwa mpigaji asiye na straiki unaongeza moja tu. Mwamuzi huonyesha mguso kwa kupangusa mkono mmoja juu ya mwingine, kisha anatoa ishara ya straiki. Ukiona kupangusa huko kwenye straiki ya tatu, usisubiri maelezo.

Kuna jambo la tatu linaloonekana kufanana: straiki ya tatu ambayo mdakaji hakuishika. Mpigaji akizungusha na kukosa kabisa, mpira ukampita mdakaji, anaruhusiwa kukimbilia besi ya kwanza ikiwa besi hiyo haina mtu, au ikiwa timu yake tayari ina watu wawili waliotolewa. Hilo halihusu faulo. Rungu likigusa mpira na mdakaji asiushike, hakuna cha kukimbilia.

## Tumfuate mpigaji mmoja

Chukua karatasi na uandike nami.

Mrusho wa kwanza unapita katikati, mpigaji anauacha: 0-1. Wa pili uko chini mno, anauacha: 1-1. Wa tatu anaupiga nyuma kwa watazamaji: faulo, haukudakwa, alikuwa na straiki moja, sasa 1-2. Wa nne anaupiga kando ya mstari wa besi ya tatu, unatua nje: bado 1-2. Wa tano unamgonga mguuni baada ya kutoka kwenye rungu: faulo, bado 1-2. Wa sita uko nje ya eneo: 2-2. Wa saba unapaa karibu na uzio, mlinzi wa besi ya kwanza anaufikia na kuuangusha: faulo isiyodakwa, bado 2-2, mlinzi anaandikiwa kosa. Wa nane uko nje: 3-2. Wa tisa rungu linaugusa kidogo na mdakaji anaushika: ametoka.

Sasa umhesabie mrushaji. Amerusha mara tisa. Ukisoma takwimu zake baada ya mchezo utakuta amepewa boli tatu na straiki sita kwa zamu hiyo, ingawa ubao haukuwahi kuonyesha zaidi ya straiki mbili. Hizi ni hesabu mbili tofauti. Ubao unaonyesha hali ya mpigaji. Takwimu za mrushaji zinaweka upande wa straiki kila mrusho ambao haukuwa boli: uliokoswa, ulioachwa ndani ya eneo, faulo zote pamoja na zile zisizosogeza ubao, hata mpira uliopigwa halali ukawa homurani. Ukiambiwa mrushaji amerusha mara 100 na straiki 65, usidhani amewakosesha watu mara 65.

Anayeshika kitabu cha mchezo basi ana kazi ya ziada. Visanduku vya straiki kwenye kitabu huwa vichache, kwa hiyo faulo zinazokuja baada ya straiki mbili huwekewa nukta au mstari mdogo pembeni ili idadi ya mirusho isipotee. Kwenye ligi za watoto, ambako mara nyingi kuna ukomo wa mirusho kwa siku, nukta hizo ndizo zinazoamua kama mrushaji anaruhusiwa kuendelea. Mwamuzi naye, mwenye kile kihesabio cha mkononi, haligusi gurudumu la straiki kwa faulo ya aina hiyo.

## Kwa nini ikawa hivi

Haikuwa hivi tangu mwanzo, na historia yake inafanya sheria zieleweke. Kanuni za klabu ya Knickerbocker ya New York za mwaka 1845 zilikuwa na straiki tatu, lakini zilikuwa za kukosa tu. Mpigaji angeweza kusimama akiacha mirusho mizuri ipite hadi apate anaoupenda. Mwaka 1858 mwamuzi akapewa ruhusa ya kutangaza straiki kwa mipira mizuri iliyoachwa. Idadi ya boli ilipanda na kushuka hadi ikatulia kwenye nne mwaka 1889. Straiki nazo zilijaribiwa kuwa nne kwa msimu mmoja tu, 1887, kisha zikarudishwa tatu.

Faulo wakati wote huo ilikuwa bure, na wapigaji stadi waliligundua hilo. Mipira isiyowafaa waliipiga pembeni kwa makusudi, mmoja baada ya mwingine, huku mrushaji akichoka na mchezo ukirefuka. Kanuni zikaanza kuziba mianya polepole. Mwaka 1894 banti ya faulo ikawa straiki. Mwaka 1895 mguso ukafuata. Mwaka 1901 Ligi ya Taifa (National League) ikasema faulo yoyote ni straiki isipokuwa mpigaji ana mbili tayari, na Ligi ya Marekani (American League) ikakubali mwaka 1903; hizo ndizo ligi mbili zinazounda Ligi Kuu ya leo. Jina linalotajwa zaidi katika mabadiliko hayo ni la Roy Thomas wa Philadelphia, aliyesifika kwa kuharibu mirusho kiasi cha kuwakera wapinzani.

Miaka miwili hiyo ya tofauti ina alama yake katika vitabu. Nap Lajoie alipata wastani wa kupiga wa .426, yaani karibu mipigo 43 iliyomfikisha besi salama katika kila majaribio 100, mwaka 1901 katika Ligi ya Marekani, ambako faulo bado ilikuwa bure. Alikuwa mpigaji hodari kwa kipimo chochote, lakini namba hiyo isomwe pamoja na sheria ya siku zake.

Ukitazama mfuatano huo wa miaka utaona kwamba banti na mguso havikuongezwa baadaye kama vighairi. Vilitangulia. Faulo ya kawaida ndiyo iliyokuja mwisho, na ikaja na huruma ndani yake: itakusogeza hadi ukingoni, haitakusukuma.

## Visa vinavyozua ubishi

Mpigaji akiumia katikati ya zamu na mwingine akaingia, anayeingia anarithi hesabu kama ilivyo. Kama aliyetoka aliacha straiki mbili na aliyeingia akatolewa kwa straiki, kitabu kinamwandikia yule wa kwanza.

Mkimbiaji akitolewa akiiba besi na hiyo ikawa auti ya tatu, inayomaliza zamu ya timu, mpigaji aliyekuwa na hesabu ya, tuseme, 1-2 ataanza zamu inayofuata ya timu yake akiwa na 0-0. Hesabu haihami.

Mrusho uliodunda kabla ya kumfikia mpigaji bado unaweza kupigwa. Akiupiga ukaenda pembeni ni faulo kama nyingine, akiupiga ndani ni mpira halali.

## Softiboli

Softiboli ilianzia Chicago mwaka 1887 kama mchezo wa ndani ya jengo, na sheria zake za faulo zimetoka kwenye mti uleule. Softiboli ya mrusho wa kasi, ile ya mkono unaozunguka, inahesabu kama besiboli: faulo haiwi straiki ya tatu, banti ya faulo inakuwa, mguso unaodakwa unakuwa. Linalohitaji jicho ni mtindo wa mpigaji wa mkono wa kushoto anayeanza kukimbia huku akiupiga mpira kwa mkato mfupi. Mkato huo si banti. Akiwa na straiki mbili na mkato ukaenda faulo, anabaki. Lakini kama rungu lilisimama tu mbele ya mpira bila kusukumwa, mwamuzi ataita banti na kumtoa. Tofauti ni ndogo na inaonekana kwenye vifundo vya mikono, kwa hiyo mwamuzi mzuri huvitazama hivyo badala ya miguu inayokimbia.

Softiboli ya mrusho wa polepole, ile inayochezwa sana na ligi za wafanyakazi na za burudani, ndiyo inayowanasa waliotoka besiboli. Katika kanuni nyingi za aina hiyo faulo baada ya straiki mbili inamtoa mpigaji. Mpira unarushwa kwa upinde wa juu na taratibu, kuugusa si kazi, kwa hiyo mpigaji hapewi ile huruma. Banti kwa kawaida hairuhusiwi kabisa, na anayeijaribu hutolewa.

Juu ya hapo kila ligi ina nyongeza zake. Zipo zinazoanzisha kila mpigaji na hesabu ya 1-1 ili mchezo uende haraka, na hapo faulo ya kwanza inakufikisha kwenye straiki mbili papo hapo. Zipo zinazotoa faulo moja ya msamaha baada ya straiki mbili, na ya pili ndiyo inayokutoa. Nyongeza hizi zinaweza kuunganishwa, na timu mbili zinaweza kuwa zimezoea mpangilio tofauti. Kabla ya mrusho wa kwanza mwulize mwamuzi mambo mawili mbele ya manahodha wote: hesabu inaanzia ngapi, na faulo baada ya straiki mbili ina maana gani leo. Akishajibu, mpe jibu hilo anayeshika kitabu, kwa sababu yeye ndiye atakayeulizwa ubishi utakapoanza.